Mgonjwa Akiruhusiwa, Kazi Ndiyo Inaanza

Nilipomaliza masomo ya uuguzi nilitamani wodi ya wazazi. Hospitali ya mkoa iliyonipokea ikanipanga wodi ya magonjwa ya ndani, na humo ndimo nilimofanya kazi hadi nastaafu. Sijutii hata kidogo. Wagonjwa walionifunza kazi kuliko wote ni wa moyo, wale wanaoletwa usiku wakihema, hawawezi kulala chali, wanakohoa mapovu na midomo imebadilika rangi.

Mara nyingi ndugu walikuwa wameshaamua kwamba ni pumu, au wametoka kwa mganga kwa sababu tumbo na miguu vilivimba. Sisi tulitazama mishipa ya shingo, kisha tukabonyeza kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu. Shimo likibaki, tulijua ni maji. Moyo uliochoka husukuma damu kidogo kuliko inayoingia. Damu hujazana nyuma yake, na maji huvuja hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu.

Kazi ya usiku huo ilikuwa na mpangilio wake. Mgonjwa tunamketisha, miguu ikining'inia kando ya kitanda. Tunampa oksijeni, tunamwekea kanula, tunamchoma frusemide, dawa ya kutoa maji, kwenye mshipa na kumwekea mrija wa mkojo. Presha ikiwa juu sana, daktari wa zamu huongeza dawa ya kulegeza mishipa. Baada ya hapo jicho langu lilikuwa kwenye mfuko wa mkojo, nikiandika kiasi kila saa. Mkojo ukianza kutoka, pumzi nazo hutulia. Alfajiri, mtu ambaye usiku hakuweza kumaliza sentensi anaomba chai.

Furaha hiyo ndiyo iliyotudanganya sote, mgonjwa, ndugu na hata sisi wauguzi. Tulimruhusu akitembea mwenyewe, lakini baada ya muda alirudishwa katika hali ileile, au tukasikia kwa jirani yake kwamba amezikwa.

Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya utafiti wa THESUS-HF, uliofuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika hospitali 12 za nchi 9 za Afrika. Waliofia hospitalini walikuwa kama asilimia 4. Ndani ya miezi sita, waliofariki walikaribia asilimia 18. Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyaona bila kuyahesabu: wengi hawafii mikononi mwetu, wanafia nyumbani, wakiwa wameshahesabiwa kuwa wamepona.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba wastani wa umri wa wagonjwa hao ni miaka 52. Ulaya wengi wa wenye ugonjwa huu ni wazee wa zaidi ya miaka 70, na moyo wao mara nyingi umeharibiwa na mishipa iliyoziba. Kwetu chanzo kikubwa ni presha isiyotibiwa. Uchunguzi wa wagonjwa 427 wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta hivyohivyo. Wengine ni vijana ambao vali za moyo zimeharibika kwa homa ya baridi yabisi iliyoanza na maumivu ya koo utotoni. Wengine ni kina mama waliojifungua karibuni. Namkumbuka mmoja aliyekuja na kichanga mgongoni mwa shangazi yake. Nyumbani walimwambia uvimbe wa miguu ni wa uzazi, utaisha wenyewe. Alikuwa analala ameegemea ukuta.

Kwa kuwa wengi walirudi au kufia nyumbani, siku ya kuruhusiwa niliifanya kuwa siku ya kazi kubwa. Nilivuta kiti, nikamwita na yule anayempikia. Siku moja mzee mmoja, mvuvi, aliyekuwa amerudi kwetu tena, aliniambia, "Dawa niliacha, sista, maana nilikuwa nimepona." Nikamjibu, "Baba, zile dawa ndizo zilizokuwa zinakushikilia." Mkewe akaongeza kwa sauti ya chini kwamba vidonge vilikuwa vikinunuliwa kwa zamu: wiki ya dawa, wiki ya ada ya shule.

Nikawaeleza kwamba frusemide hutoa maji tu. Zinazorefusha maisha ya mwenye misuli ya moyo iliyodhoofika ni dawa nyingine, kama enalapril, carvedilol na spironolactone, na hizo hazimezwi kwa kungoja kuumwa. Nikawaambia wapunguze chumvi, samaki wa ng'onda wakiwemo. Wasinunue diklofenaki dukani kwa ajili ya mgongo, kwa sababu huzuia maji mwilini. Wapime uzito asubuhi kabla ya chai, hata kwa mizani ya zahanati. Kilo mbili zikiongezeka ndani ya siku tatu, waje, wasingoje kuhema.

Mwaka 2022 utafiti mwingine, STRONG-HF, ulioshirikisha pia Msumbiji na Nigeria, ulithibitisha thamani ya kumfuatilia mgonjwa kwa karibu baada ya kuruhusiwa. Wagonjwa walioongezewa dawa haraka hadi kipimo kamili na kuonwa mara kwa mara wiki za mwanzo walikufa au kulazwa upya kwa ugonjwa huo wachache zaidi: asilimia 15.2 ndani ya siku 180, dhidi ya 23.3 kwa waliopata huduma ya kawaida. Dawa hizo ni vidonge, na macho ya kumfuatilia mgonjwa ni ya muuguzi.

Nchi yetu imepiga hatua. Tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, inayofanya upasuaji ambao zamani wagonjwa walipelekwa India kufanyiwa. Lakini mvuvi wangu hakuhitaji upasuaji. Alihitaji vidonge katika zahanati ya kijijini kwao, tarehe ya kliniki iliyo karibu, na mtu wa kumuuliza akikosa kuja.

Wenzangu mlioko wodini, msimkabidhi mgonjwa wa moyo karatasi ya ruhusa kabla hamjakaa naye na mpishi wake. Mnaopanga bajeti, dawa za moyo na presha zisikosekane kwenye zahanati. Nawe mwenye mgonjwa nyumbani, usimwache aache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anazimeza.