Darubini Chini ya Mibuyu

Jumamosi iliyopita, baada ya swala ya Alasiri, tulimchukua mjukuu wetu wa kike, mwenye umri wa miaka 7, tukaenda naye bustani ya Mama Ngina, hapa Mombasa, kutazama ndege. Mtoto alishika daftari. Sisi tulishika darubini kuukuu.

Raha ya jambo hili ni subira. Ukiketi kimya chini ya mbuyu, ndege husahau kuwa upo. Tulimwona chozi akifyonza utamu wa maua. Tulimwona mnana, rangi yake kama bizari, akichana ukuti uzi kwa uzi, kisha akaenda kufuma kiota. Mtoto akauliza, "Babu, nani aliyemfunza kushona?" Tukamkumbusha sura ya Al-Mulk, inayotuelekeza kuwatazama ndege walio juu yetu.

Udhia nao haukosi. Honi ya feri ya Likoni huwatimua ndege wote. Na mpita njia akimwona mzee wa kanzu ameinua darubini angani, huuliza jambo moja tu: "Sheikh, mwezi umeandama?" Watatu tuliwajibu, wa nne tulimpa tabasamu.

Kisha wakaja kunguru. Walikirarua kiota kimoja, na mmoja akaruka na kinda mdomoni. Mtoto akalia. "Babu, kwa nini Mwenyezi Mungu amemuumba huyu?"

Ulimi wetu ulikuwa tayari kumlaani kunguru, lakini ukweli ulituzuia. Huyu mwenye shingo ya kijivu hakuja kwa hiari yake. Wanadamu walimleta Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka za mji, naye akaenea pwani nzima. Anazidi kuongezeka kwa sababu twamlisha. Tulipotazama chini, karatasi ya mihogo tuliyokula ilikuwa pale pale miguuni petu, na kunguru mwingine akidonoa makombo.

Tuliona haya mbele ya mtoto. Tukaiokota, naye akaokota ya majirani, tukazitia pipani.

Basi enyi wazazi wenzetu, wapelekeni watoto wakatazame ndege, kwani ni darasa lisilo na ada. Lakini kabla ya kuondoka, tazameni mlipoketi. Kinda wa mnana hana mlinzi mwingine hapa mjini, baada ya Mola wake, ila usafi wetu.