Nusu Lita hadi Sitalike

Ukitaka kujua Mpanda iko mbali kiasi gani usiangalie ramani, angalia chupa. Pembeni mwa barabara utazikuta zimepangwa juu ya stuli, chupa za maji zilizojaa petroli, na kijana mmoja amekaa kivulini anazilinda. Aliyeishiwa njiani ananunua nusu lita, anaondoka. Kila mwezi EWURA hutangaza bei za mafuta mji kwa mji, na mji ulio mbali na bandari hulipia safari yote ya lori. Agosti 2022 hata Dar es Salaam kwenyewe lita moja ya petroli ilivuka shilingi 3,000. Sasa fikiria sisi wa mwisho wa reli.

Kaka yangu ni dereva wa bodaboda. Pikipiki ile ilikuwa ya mkataba, yaani kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye nayo mpaka muda ulioandikwa utimie, ndipo iwe yake. Zilikuwa zimebaki wiki kumi na nne. Ukitoa hesabu, ukitoa petroli, ukitoa ya mama, kilichobaki kilikuwa cha chai na chapati mbili. "Dogo," alikuwa akiniambia, "mimi siendeshi pikipiki. Naendesha hela za watu."

Mimi nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ufundi, upande wa magari. Mwalimu wetu wa injini alikuwa mtu wa hadithi. Siku moja aliacha somo la kabureta akatuonyesha picha za vigari vya ajabu, virefu na vyembamba kama mtumbwi uliofunikwa, dereva amelala chali ndani yake. Akasema haya ni mashindano ya wanafunzi, na hapa hashindi mwenye mbio, anashinda aliyetumia mafuta kidogo. Yanaitwa Shell Eco-marathon. Yalianza mwaka 1939 kule Illinois, Marekani, kama ubishi tu wa wafanyakazi wa kampuni: nani gari lake litafika mbali zaidi kwa kiasi kilekile cha petroli? Mshindi wa siku hizo alipata kama kilometa 21 kwa lita. Mwaka 1985 wakayafanya ya wanafunzi kule Ufaransa, na mwaka 2005 vijana wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, wakaja na gari lao PAC-Car II la kutumia haidrojeni. Wakafikisha kilometa 5,385 kwa kipimo kinacholingana na lita moja ya petroli. Tulipiga hesabu pale pale darasani. Mpanda hadi Dar kwa njia ya reli, kwenda na kurudi, mara mbili, na mafuta bado yapo!

Nilipomhadithia kaka, hakushtushwa na Waswisi. Alishtushwa na yule wa kilometa 21. "Eti mshindi? Hii yangu inakwenda 40, na abiria wawili na gunia la mpunga."

Nikamweleza ujanja wao. Unawasha injini, unakimbia mpaka kasi fulani, unazima, unateleza. Kasi ikipungua unawasha tena. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Sasa hiyo si frii? Kila mteremko tunafanya."

Hapo ndipo wazo liliponiingia, na nikitazama nyuma naona liliingia kwa wivu kidogo. Vijana wa Makerere, Uganda, walishaendesha gari lao la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Chuo Kikuu cha Nairobi kilishatoa gari la Nyayo Pioneer mwaka 1990. Sisi watoto wa Katavi tuna nini? Tulikuwa wanne likizoni: mimi, wawili wa uchomeleaji, na binti mmoja wa umeme ambaye ndiye pekee aliyekuwa chini ya kilo 50, kwa hiyo udereva ulimwangukia bila kura. Kulikuwa na gereji moja mtaani ambayo vijana wake walituita wasomi kwa sauti isiyo ya heshima. Tukawawekea ubishi. Nusu lita kila upande, kutoka mwisho wa nyumba za mji kwenda Sitalike, kilometa 35 hivi za lami. Atakayefika mbali anakunywa kreti la soda la mwenzake.

Fremu tuliichomelea kwa mabomba ya baiskeli chakavu. Magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, rimu za baiskeli, beringi tumezisafisha kwa mafuta ya taa mpaka ukizungusha gurudumu kwa kidole unaweza kwenda kunywa maji ukarudi ukalikuta bado linazunguka. (Natia chumvi, ila si nyingi.) Tairi tulizijaza upepo mpaka zikalia ukizigonga, maana tairi laini inakula mafuta kuliko watu wanavyodhani. Juu tukalifunika kwa turubai lililovutwa likakaza, pua imechongoka, mkia umesinyaa. Upepo ni adui, mwalimu alisema.

Ilibaki injini.

Kaka alikubali kwa siku tatu tu. Alimwambia mwenye pikipiki kwamba anaumwa. Mama alituona tukiifungua injini uani akauliza, "Hiyo si ndiyo inayotulisha?" Nikamjibu, "Tutairudisha Jumatatu, mama." Hakusema neno jingine, alichukua ndoo akaenda zake bombani.

Tukabana mchanganyiko kwenye kabureta, petroli kidogo, hewa nyingi. Tukaweka oili nyepesi ili injini isijisumbue kuzunguka. Kaka alisimama akitazama turubai lilivyoifunika injini yote kwa nyuma. "Hii inapozwa na upepo," akasema. "Mmeifunika. Itapumulia wapi?"

Nikamweleza habari za upepo unavyovuta gari nyuma. Nikachora chini kwa kijiti, mishale na kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya, ninyi ndio mmesoma."

Jumapili ile ya Septemba tulitoka kabla ya jua ili tusikutane na trafiki, kwani gari lenyewe halikuwa na namba wala taa. Wale wa gereji walikuja na pikipiki iliyovuliwa kila kitu, hata kiti, dereva amekalia gunia lililokunjwa. Mafuta tulipima mbele ya wote kwa bomba la sindano, mililita 500 na 500. Kaka alitufuata na pikipiki ya kuazima yenye spidometa nzima, ndiyo iliyokuwa mwamuzi.

Jamani, lilikwenda! Naomba uniruhusu nilisifie kidogo. Binti alikuwa akiwasha, kasi ikifika 30 anazima, kisha kimya, unasikia tairi tu kwenye lami na ndege wa porini. Watu waliokuwa wakielekea mashambani waliacha njia wakatazama kile kitu cha bluu kikipita bila sauti. Wale wa gereji waliishiwa kilometa ya 24. Tuliwapita wakiwa wamesimama kando, mmoja akatupigia saluti. Mbung'o nao walikuwa wamejiunga, unajua tena mbung'o wanavyopenda kitu kinachotembea, na kwa mwendo ule walikuwa hawana haraka. Ndani ya turubai dereva wetu alikuwa akipiga makofi na kupiga kelele, sisi nyuma tukidhani anashangilia.

Baada ya kilometa ya 29 barabara ikaanza kupanda taratibu, si kilima cha kutisha, ila kirefu. Huwezi kuteleza kwenda juu. Injini ikabidi iungurume bila kupumzika. Nikaona kaka anasogeza pikipiki karibu na turubai, anainamisha kichwa, anasikiliza. Akaanza kupunga mkono, "Zima! Zima!" Mimi nikapunga wangu, twende, zimebaki nne.

Kilometa ya 31 ilitoa mlio kama kijiko kikianguka kwenye sahani, gurudumu la nyuma likakaza, gari likaburuta na kusimama.

Ilikuwa imenoki. Tulipofunua turubai joto lilitupiga usoni. Tulivuta mafuta yaliyobaki kwa bomba la sindano: mililita 60. Yaani kilometa 31 kwa mililita 440, karibu kilometa 70 kwa lita. Mwenzangu wa uchomeleaji aliandika hesabu hiyo kwenye kiganja akaanza kuruka. Kisha akamwona kaka, akaacha.

Kaka hakunigombeza. Alichuchumaa, akajaribu kupiga kiki mara moja tu, akainuka. "Mafuta yapo," akasema, "injini hakuna."

Soda tulikunywa, wale wa gereji waliheshimu ubishi. Wao hao ndio walioifungua injini Jumatatu. Pistoni ilikuwa imekwaruzika, silinda nayo. Mwenye pikipiki alikuja, akaangalia, akasema siku zote za kukaa zitaongezwa kwenye mkataba. Wiki kumi na nne zikawa kumi na tisa. Mama aliuza magunia mawili ya mahindi kabla bei haijapanda. Mimi nilirudi chuoni nimechelewa, nauli nikiwa nimeipata kwa kuponda kokoto, na mwalimu alipoona ile namba 70 alinipongeza mbele ya darasa. Nilikaa chini haraka.

Pikipiki ile sasa ni ya kaka, mkataba uliisha mwaka 2023. Hadithi ya Sitalike haisimulii, hata wenzake kijiweni wakimchokoza. Lakini likizo iliyofuata nilimkuta asubuhi ameinama kwenye tairi ya nyuma na pampu ya mkono, anasukuma, anaigonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasukuma tena.

"Zile zenu mlikuwa mnajaza ngapi?" akaniuliza bila kugeuka.