Lamu, kisiwa chenye siwa isiyo na bei

Msafiri aendaye Lamu kwa basi kutoka Mombasa hushukia Mokowe, kisha hupanda boti. Ajaye kwa ndege hutua Manda, naye pia humalizia safari majini. Kwa hivyo kila mgeni huuona mji wa Lamu kwanza kutoka baharini: nyumba za mawe ya matumbawe, mashua zilizofungwa gatini na punda wakipita na mizigo. Mji huu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2001.

Katika safu ya nyumba zinazotazama bahari limo Jumba la Makumbusho la Lamu. Mzazi aliye na watoto asipite bila kuingia, kwani humo zimehifadhiwa siwa mbili, ya Pate na ya Lamu. Siwa ni baragumu kubwa linalopulizwa kwa ubavuni. Ya Lamu ni ya shaba, nayo ya Pate ilichongwa kwa pembe ya ndovu miaka 300 hivi iliyopita. Zamani hazikupulizwa ovyo. Zililia kwenye harusi, jando na kutawazwa kwa wakubwa, na ni koo teule tu zilizokuwa na haki ya kuzitumia.

Inasimuliwa katika habari za Pate kwamba Mwana Darini alipotaka kumtahiri mwanawe alinyimwa siwa. Akamwita fundi, Mwenyi Bayayi, amchongee nyingine kwa siri. Siwa ilipotolewa na kupulizwa, watu walimwaga tuzo, na fundi akakataa ujira waliopatana, akitaka apewe zile tuzo. Tazama basi, msomaji: tangu siku hiyo ya kwanza, thamani ya siwa haikuwa katika pembe. Ilikuwa katika heshima ambayo watu waliipa.

Leo siwa ile haina bei ya sokoni hata kidogo. Biashara ya pembe za ndovu imepigwa vita nchini: Rais Moi alichoma tani 12 mwaka 1989, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 huwaadhibu vikali wanaopatikana nazo bila idhini. Aliyerithi baragumu la pembe asilitembeze kutafuta mnunuzi. Apige ripoti kwanza kwa idara ya wanyamapori na kuomba ushauri.

Lakini nyumba nyingi za pwani zimerithi vitu vya kawaida zaidi: udi, zumari, ngoma, au kibangala, yaani gambusi ya kale iliyochongwa kwa kipande kimoja cha mti na kuwambwa ngozi. Baba akishafariki, mmoja wa watoto anadaiwa karo, mwingine anataka kuezeka nyumba, na dalali yuko mlangoni na noti mkononi. Wafanyeje?

Kwanza, wasikisafishe chombo. Msasa na vanishi mpya hufuta alama za umri, na umri ndio unaotafutwa. Pili, wachungulie ndani ya tundu la udi, kwani mafundi wengi hubandika humo karatasi yenye jina, mji na mwaka. Hata hivyo karatasi si ushahidi kamili. Huweza kubandikwa na yeyote. Tatu, wawaulize wazee wangali hai: nani alikipiga, katika harusi zipi, na kilinunuliwa wapi. Maelezo hayo yaandikwe na kuwekwa pamoja na picha za zamani, maana chombo chenye historia hushinda chombo bubu. Nne, wasikubali bei ya mtu mmoja. Waulize wapiga taarabu, mafundi wa ala na maofisa wa makumbusho.

Tano ni sheria. Chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitolewi nchini bila kibali. Mgeni anayesema atakificha ndani ya sanduku anawaingiza wenyeji kesini. Aidha, urithi ni wa warithi wote mpaka ugawanywe. Mmoja hawezi kuuza peke yake.

Kuna hasara nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti. Wapokomo wa Mto Tana waliipoteza ngoma yao kuu, ngadji, enzi za ukoloni. Iliingia katika jumba la British Museum, London, mwaka 1908, na wazee wao wamekuwa wakiidai. Ngoma ikishavuka bahari, kuirudisha ni kazi ya vizazi.

Si kusema kwamba kuuza ni dhambi. Mtoto kusoma ni jambo jema, na chombo kinachooza darini hakimfai mtu. Lakini kuna njia ya kati: kukiazima kwa makumbusho kwa mkataba, kumwuzia mpigaji wa hapa hapa atakayekiliza, au kukirekodi sauti yake kabla hakijaondoka. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Fedha ya dalali itakwisha mwezi mmoja, na mjukuu atakuja kuuliza kile kibangala cha babu kilikwenda wapi.