Ubeti Nilioufuta

Malenga wenzangu,

Wakati wa kampeni za mwaka 2005 niliombwa nitunge shairi la kumpokea mgombea kijijini kwetu. Nikatunga beti saba. Ubeti wa sita ulihusu bomba la kisima, lililokuwa bovu kwa muda mrefu.

Usiku wa kuamkia mkutano alikuja nyumbani mpambe wa mgombea, ambaye alikwisha kunisikia nikifanya mazoezi. Hakunitisha. Alimletea mama doti ya kanga na kilo tano za sukari, nami akanipa bahasha ya "nauli", ilhali uwanja wa mkutano ulikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni petu. Alipokuwa akivaa viatu akasema, "Mwanangu, ule wa sita ungeuacha. Mgeni haaibishwi."

Nikauacha. Kesho yake nilighani beti sita, nikapigiwa makofi.

Nilijitetea kwa neno moja: takrima. Nalo lilikuwa na kinga ya sheria. Mwaka 2000 Sheria ya Uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ili ukarimu wa kawaida au wa jadi, ukifanywa kwa nia njema, usihesabiwe kuwa rushwa. Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivibatilisha vifungu hivyo, baada ya mashirika matatu ya kiraia kuvipinga kwamba viliwabeba wagombea wenye fedha na kuwabagua wasio nazo.

Takrima ni ndugu wa karama, karamu na ukarimu. Yote yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Ni neno la heshima, na ndiyo maana lilifaa. Mtoa rushwa hasemi "nakununua". Husema chai, soda, nauli, asante. Nchini Kenya, kitu kidogo. Majina hayo huigeuza rushwa kuwa adabu, hata anayeikataa ndiye aonekane hana adabu. Mama amekwisha kuipokea sukari kwa mikono miwili. Wewe mwanawe utairudishaje? Nami sikuombwa kusema uongo. Niliombwa kunyamaza kidogo tu.

Neno rushwa lenyewe lina siri. Wanaleksikografia wa kale wa Kiarabu walilinasibisha na rishaa, yaani kamba ya kuteremshia ndoo kisimani: kwa kamba mtu huyafikia maji yaliyo mbali, na kwa rushwa huifikia haja yake. Nilipolisoma jambo hilo miaka mingi baadaye, nilikiona kisima chetu. Mgombea aliteremsha kamba yake, akateka alichokitaka. Kilichotoka kisimani ni ukimya wangu.

Mama aliivaa kanga ile hadi ikapauka, akienda kuteka maji kijiji cha jirani. Hakuwahi kuniuliza ubeti wa sita ulikwenda wapi, ingawa yeye ndiye aliyeusikia kwanza, jikoni, akatikisa kichwa kuuridhia.

Leo naurudisha mahali pake, umechelewa:

Bomba limeharibika, kijiji hakina maji,
Miaka imetoweka, yangalipo mahitaji,
Kina mama wamechoka, wazunguka kila mji,
Kura zetu ukitaka, tujibu kwanza wenyeji.