Maua Yangu Yametoka Majini

Sebule yangu hapa Dar es Salaam ilikuwa imejaa chupa za maji zenye pothosi, yale maua yatambaayo yenye majani ya umbo la moyo. Niliyapenda kwa sababu mizizi yake ilionekana. Mwaka 2019 homa ya dengue ilipoenea jijini, mdogo wangu akaugua, akawa hawezi hata kugeuka kitandani kwa maumivu ya viungo. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mbu aina ya Aedes, anayeieneza, huuma mchana na huzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya vyombo, vikiwemo vya maua. Hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chupa lazima isuguliwe ndani.

Nikaamua kuyahamishia maua yote udongoni.

Kazi hii inataka upole. Mizizi iliyoota majini ni laini na hukatika upesi. Ukiifukia kwenye udongo mzito wa mfinyanzi inakosa hewa, inaoza. Nilichanganya mboji, mchanga na nyuzi za makumbi ya nazi, nikatia kwenye makopo yaliyotobolewa chini. Vipande vyenye mizizi mifupi, sentimita 3 hadi 5, vilishika haraka kuliko vile vya zamani vilivyojisokota chupani. Wiki mbili za mwanzo udongo usikauke, na kopo likae penye mwanga bila jua kali. Baada ya hapo maji yanapunguzwa taratibu, mpaka uwe unamwagilia pale tu udongo wa juu unapokauka.

Majani yangu yalilegea, mengine ya chini yakawa njano. Hali hiyo ni ya kawaida mmea unapootesha mizizi mipya. Kisha chipukizi zikatoka, na majani yake ni mapana na ya kijani kibichi kuliko yote niliyowahi kuyapata majini, maana maji ya bomba hayana chakula cha kuutosha mmea.

Ndugu msomaji, kama una chupa ya maua dirishani, ihamishe mimea yake wiki hii. Na visahani vya chini ya makopo vimwage kila mara, kwani mbu huzaliana humo pia.