Safari ya Msitu wa Ngezi

Asubuhi moja ya vuli, mvua ya usiku ilipokwisha kukatika, wanafunzi 12 wa Tibirinzi, katika mji wa Chake Chake, walipanda gari pamoja na mwalimu wao kwenda msitu wa Ngezi, ulioko pembe ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba. Kila mmoja alichukua chakula chake, huyu mkate, yule muhogo wa kuchemsha. Walikusudia kutazama maua na ndege, wala hawakuwa na shughuli nyingine.

Njiani waliona karafuu zimeanikwa juu ya majamvi. Mwalimu akauliza, "Ni nani kati yenu aliyepata kuona ua la mkarafuu limechanua?" Wengi wakanyamaza, maana karafuu huchumwa ingali tumba, ikiisha kuchanua haina thamani tena. Basi watu wa Pemba hulishwa na ua wasilopenda kuliona! Na hivyo ndivyo ilivyo hasa tangu mwaka 1872, tufani ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, ile ya Pemba ikasalimika kwa wingi.

Walipopita Konde wakaingia msituni. Mara jua likafichika, hewa ikawa baridi, na harufu ya majani maovu ikawajia puani. Mwenye kuwaongoza akawaonyesha mpapindi, mti wa jamii ya mitende, ambao asili yake ni Pemba tu. Kisha akawaambia habari ya ndege. Zamani za kale, dunia ilipokuwa na baridi kuu, bahari ilipungua, Unguja ikashikamana na bara. Lakini mkondo wa Pemba una kina cha mita 500 na zaidi, nao haukukauka. Kwa hiyo ndege waliofika Pemba walikaa peke yao miaka mingi, hata wakageuka kuwa namna mbali. Namna hizo ni nne: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi wa Pemba, na ndege mdogo wa rangi ya manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho.

Kijana mmoja akacheka, akasema, "Huyo wa jicho jeupe yuko kwetu Tibirinzi, katika mpera wa nyumbani. Na chozi vilevile." Kweli, alisema haki, watu hutoka nchi za mbali kuja kumtazama ndege ambaye yeye humfukuza kila siku.

Bundi walimwona amelala katika kichaka, mwekundu-mwekundu kama jani kavu, si mkubwa kuliko kiganja na vidole vyake. Wawili wakarudi nyuma, kwa kuwa walisikia kwao kwamba bundi akilia juu ya paa, pana msiba. Huyu hakulia. Alifumbua jicho moja, akalifumba.

Upande wa mchanga mweupe msitu huwa mfupi, na hapo huota kichaka chenye majani membamba kama sindano. Maua yake ni madogo hata apitaye upesi hayaoni. Ndugu zake hukaa juu ya milima mirefu, kama Kilimanjaro, penye baridi. Naye yuko hapa, karibu na mawimbi. Mwalimu alikaa sana mahali hapo, ingawa watoto walikuwa na njaa.

Wakati wa kurudi walishuka Kidike kuwatazama popo wa Pemba, ambao mbawa zao zikikunjuliwa hufika mita 1.5. Popo hawa hawako penginepo duniani. Watu waliwawinda kwa ajili ya nyama, na misitu ikakatwa, hata katika miaka ya 1980 walikuwa karibu kwisha. Baadaye wanavijiji wakashika kazi ya kuwalinda, wakaongezeka tena kwa maelfu.

Binti mmoja, ambaye mama yake huuza maembe, akamwambia mlinzi, "Lakini, ami, hawa ni wezi. Hula maembe yetu usiku. Mbona mnawalinda?"

Mlinzi akajibu, "Huiba, mwanangu, sikatai. Ila huchukua mbegu wakaziangusha mbali, na miti ikaota mahali asipopanda mtu."

"Na embe la mama yangu atalilipa nani?"

Mlinzi akatazama chini, asipate jawabu. Mwalimu naye alinyamaza.

Jua likatua. Popo mmoja akaachia tawi, akafuata wa pili, kisha mbingu ikajaa mbawa nyeusi zisizo na haraka. Yule binti alisimama peke yake, akiwahesabu kwa sauti ndogo. Alikuwa amefika 210 dereva alipopiga honi.