LAPTOPU YA ZAWADI YAMUUMBUA BWANA HARUSI MTARAJIWA WA TABATA, NA SIYO MCHEPUKO!

Ukisikia mwanamke kaingia kwenye siri za mpenzi wake, unajua kashika simu usiku jamaa kalala. Huyu wa Tabata simu ya mtu hakuigusa kabisa.

Iko hivi wadau. Kuna jamaa alikuwa mtu wa mauzo kwenye kampuni moja hapa Dar, na mchumba wake ni mrembo anayepika keki za oda. Vikao vya harusi vimeshaanza, kadi za michango ziko mtaani. Jamaa akampa mrembo laptopu yake ya zamani ili apangie hesabu za oda. Kabla ya kumpa akafuta picha, akafuta muvi, akafuta mpaka mafaili ya chuo. Namba ya siri ya kuwashia akampa pia. Alichosahau ni kivinjari. Akaunti yake ya Google ilibaki mle ndani ya Chrome, na usawazishaji umewashwa.

Kwa wale wanaobonyeza "ndiyo" kila simu ikiuliza kitu: usawazishaji ndio unaofanya ukitafuta kitu kwenye simu, ukikute na kwenye kompyuta. Historia, vichupo ulivyoacha wazi, alamisho, hadi manenosiri, vyote vinaifuata akaunti yako popote ilipo. Ni kitu kitamu sana simu ikiibiwa Kariakoo, maana unanunua nyingine, unaingia, unakuta maisha yako yanakusubiri. Ila hakijui nani kakaa mbele ya kioo.

Jumanne moja usiku mrembo anatafuta maua ya sukari ya kupambia keki. Akaandika herufi "m" tu, ikashuka sentensi: "mkopo wa haraka bila dhamana". Hajawahi kutafuta kitu hicho. Akafungua historia.

Tusidanganyane, alichokuwa anatafuta mle ni jina la mwanamke. Akashuka wiki tatu nyuma, hakuna jina, hakuna gesti. Kuna "jinsi ya kudai fao la kukosa ajira". Kuna Ajira Portal, mara nyingi. Kuna mifano ya barua za kuomba kazi. Halafu kuna moja ya saa nane usiku: "unaweza kuahirisha harusi baada ya kupokea michango".

Jamaa alishaachishwa kazi, na kila asubuhi alikuwa anapiga pasi shati na kutoka.

Shosti wake alipoambiwa akasema, "Afadhali ungekuta mchepuko mwaya, huo ungejua pa kuanzia." Na kweli. Siku nne mrembo hakusema kitu. Jamaa anatuma meseji yuko kikaoni, na kwenye laptopu muda huohuo unaingia mstari mpya, maswali ya usaili na majibu yake. Mwanzoni aliingia kwa bahati mbaya, hilo halina ubishi. Siku ya pili na ya tatu alikuwa anaingia kwa makusudi, bila hodi, kwenye kichwa cha mtu mzima. Na alijua.

Siku ya tano akakuta historia nyeupe. Jamaa alikuwa kaifuta kwenye simu, na ukifuta huku na kule inafutika. Mrembo akaogopa kwa mara ya kwanza, maana angalau ile mistari ilikuwa inamwambia mwenzake yuko wapi kimawazo. Akakaa weee, halafu kwenye kile kisanduku cha kutafutia akaandika: "mume wangu kazi ikiisha harusi inaweza kuwa ndogo, njoo tule". Akabonyeza.

Jioni jamaa yuko kituoni, kaandika "m" ili atafute mikopo yake. Ikashuka hiyo.

Alifika saa mbili usiku, na msifikiri alifika na machozi. Alifika na hasira. "Ulikuwa unanichunguza?"

"Laptopu yako, akaunti yako. Mimi nilikuwa natafuta maua ya keki." Halafu akanyamaza kidogo. "Lakini zile siku nyingine, ndiyo. Nilikuwa nakuchunguza. Nisamehe."

Walibishana mpaka chakula kikapoa. Jamaa anasema alitaka kupata kazi kwanza ndipo aseme. Mrembo anauliza, na usipopata mpaka siku ya ndoa? Swali hilo halikujibiwa.

Akaunti waliiondoa usiku uleule. Kuzima usawazishaji peke yake kunaweza kuacha vya zamani mle ndani, kwa hiyo jamaa alifuta wasifu wake wote kwenye Chrome, akamtengenezea mrembo wa kwake. Kisha kwenye simu akaingia sehemu ya usalama ya akaunti, akatazama orodha ya vifaa vyake. Akakuta na kompyuta ya kazini bado imo. Hiyo nayo akaitoa.

Jumapili kwenye kikao jamaa alisimama mwenyewe mbele ya baba yake mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti, akasema ukweli. Wawili walidai michango yao palepale, wakarudishiwa. Baba mdogo akauliza tu, "Ukumbi ulishalipiwa, kijana wangu?" Bado. Basi sherehe itafanyika uwanjani kwa shangazi, Segerea. Keki anapika bibi harusi mwenyewe, ngazi mbili badala ya tano.